Nyumba Niliyoitaka Kabla Yake

Nyumba ile niliijua kabla yake. Natanguliza hilo kwa sababu kwa muda mrefu ndilo jambo pekee nililokuwa nalo, na nilijikumbusha kila siku nisije nikalisahau.

Niliijua kwa sababu ya nywele. Mimi ni msusi. Wakati huo nilikuwa na kiti changu katika saluni ya mtu karibu na kituo cha Olympic, upande wa Kianda, Kibera. Siku ambazo wateja walikuwa wachache nilitia machanuo na mafuta kwenye mfuko nikaenda kuwasuka watu majumbani mwao. Mmoja wao alikuwa mama mzee wa Kawangware, mjane, aliyekaa upande wa kuelekea Riruta Satellite. Mtaa mzima ulimwita Shosho, yaani nyanya. Alipenda mistari midogo inayorudi nyuma, na alipenda kusukiwa jikoni kwa sababu ndiko mwanga ulikoingia vizuri.

Haikuwa nyumba kubwa. Vyumba vitatu vya mawe, bati jekundu lililopauka, na baraza fupi mbele. Kando, karibu na barabara, palikuwa na chumba kidogo ambamo marehemu mumewe alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli. Nyuma kulikuwa na vyumba vya mabati vya wapangaji. Lakini jikoni, chini ya dirisha, palikuwa na sinki, na juu ya sinki mfereji, na mfereji ulitoa maji. Mimi nilikuwa mtu wa kununua maji kwa mtungi na kuyapima kwa kikombe. Nilisimama nyuma ya kichwa cha Shosho, vidole vikifanya kazi yake, na macho yakihamia humo. Nilipanga sahani zangu. Niliondoa pazia lake la kahawia nikatundika jeupe. Mume wangu nilimkalisha barazani Jumapili jioni, na redio yake, akiwa ametoa viatu.

"Shosho," nilimwambia siku moja, "siku ukiuza hii nyumba, niambie mimi kwanza."

Alicheka. "Na utalipa na nini, msichana wangu? Na mistari?"

Akanitajia bei ya nyumba za pale. Mimi pia nikacheka, maana bei ile kwa mtu kama mimi ilikuwa ni kichekesho tu. Lakini tangu siku hiyo, katika moyo wangu, nyumba ilikuwa yangu, na Shosho alikuwa akinishikia tu.

Sasa nieleze kuhusu mwanamke aliyeichukua. Kwetu Magharibi, wake wa ndugu wawili huitana mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake na chungu chake. Mume wangu ndiye mkubwa. Mdogo wake alipooa alimleta mkewe Nairobi bila kuwa na pa kumlaza, kwa hiyo wakalala kwetu, kwenye makochi, pazia likitutenganisha. Msichana alikuwa mkimya, mwembamba, mwenye macho yanayotazama kila kitu. Mimi ndiye niliyemwonyesha njia za Kibera. Nilimpeleka Kisumu Ndogo kwa mteja wangu mmoja aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, na huyo ndiye aliyemfundisha kazi: jinsi ya kujua omena ya mchanga, jinsi ya kuianika, jinsi ya kujaza kopo likaonekana limefurika bila kumpunja mteja. Baadaye walipata chumba chao nyuma ya yetu.

Aliniita Dada Mkubwa, na kwa kweli nilikuwa mkubwa. Nikinunua sufuria ya kifuniko cha kioo, baada ya muda nitaiona kwake. Nikibadilisha mtindo wa nywele, atakuja aketi miguuni pangu aseme, "Nitengeneze kama zako." Jambo hilo lilinifurahisha. Wivu, kama ulikuwepo, ulikuwa upande wake wa pazia, na mimi nilikuwa na nafasi ya kuwa mkarimu. Nilimpa nguo nilizochoka nazo. Nilimwambia yeye na mumewe wasitegemee omena tu.

Pesa tulizokuwa nazo mimi na mume wangu tulijengea nyumba kule kwetu Magharibi, katika boma la baba mkwe. Mimi ndiye niliyemsukuma. Nilitaka tukienda Desemba watu wasimame barabarani waone vigae sakafuni na madirisha ya vioo. Na waliona. Mdogo wa mume wangu na mkewe hawakujenga. Walinunua kipande kidogo cha ardhi karibu na soko la kwetu, pakavu, pasipo na kitu ila mawe, na mimi nilimwambia mume wangu kwamba wale watoto hawana mpango.

Kisha korona ikaja.

Saluni ndiyo ilikuwa ya kwanza kufa. Nani atataka mtu amwinamie kichwani akimpumulia shingoni? Mwenye saluni alifunga mlango akatuambia tungoje. Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya mjini, nao walimwambia angoje. Tukangoja wawili, tukitazamana katika chumba kimoja, watoto wetu hawana shule, kafyu ikitufungia kabla jua halijazama vizuri.

Ploti yetu Kianda, ua wa vyumba vya kupanga, ilianza kuwa tupu. Jirani wa Kitui, fundi wa viatu, aliondoka na familia yake kabla barabara za kutoka Nairobi hazijafungwa. Wengine walipenya njia za panya. Milango ilibaki na kufuli, kisha bila kufuli. Mwenye ploti, mtu ambaye zamani ukichelewa kodi alikuja na fundi kung'oa mlango ukiwa ndani unapika, sasa alikuja asubuhi, barakoa kidevuni, akitusalimia mmoja mmoja.

"Mama, mko salama? Watoto wako salama?"

"Tuko."

"Msirudi ushago kama wale wengine. Nimewapunguzia. Lipeni kile mnaweza, mradi mkae."

Mume wangu alipofunga mlango alicheka kwa mara ya kwanza tangu hoteli imwambie angoje. Kumbe mwenye nyumba naye anaweza kuogopa! Lakini kodi ya bei nafuu si chakula. Na mimi nilipoona bei ya vyumba ikianguka Kibera, mawazo yangu yalikimbia moja kwa moja hadi Kawangware. Nilijiuliza kama kule nako mambo yanaanguka.

Shosho alinipigia simu mwenyewe.

Nilikwenda kwa miguu, maana nauli ilikuwa imepanda na magari yalibeba nusu. Nilipita Dagoretti Corner nikashika barabara ya Naivasha, maduka mengi yamefungwa. Kwenye ukuta mmoja wa Kawangware, ulioandikwa kwa miaka mingi "Ploti hii haiuzwi", mtu alikuwa amepaka rangi juu ya maneno hayo, akaandika chini yake "Inauzwa", na namba ya simu. Nilisimama nikausoma ukuta ule kama mtu anayesoma jina lake.

Shosho alikuwa amekonda. Wapangaji wake wa nyuma walikuwa wameondoka, na waliobaki hawakuwa na kitu cha kulipa. Watoto wake walimtaka arudi kwao mashambani, na yeye mwenyewe aliogopa kufia mjini akazikwa na watu waliovaa mavazi ya plastiki.

"Nimeleta watu wawili kuiona," akasema. "Kila mmoja anataja kidogo, haongezi. Hakuna mtu ana pesa. Wewe uliniambia nikuambie kwanza. Nilifikiri ulikuwa unacheza, lakini nimekuambia."

Akanitajia bei. Haikuwa tena bei ya kuchekesha. Ilikuwa bei ya kuumiza, ile ambayo ukinyoosha mkono kidole kinaigusa lakini hakiishiki. Tena alikuwa tayari kupokea sehemu kwanza na nyingine polepole. Nilisimama jikoni nikafungua mfereji, nikanawa mikono kwa muda mrefu kuliko walivyotufundisha kwenye redio.

"Nipe siku chache," nikamwambia.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho. Chama chetu cha wanawake cha kuweka akiba kilikuwa kimevunjika, kila mtu amechukua chake amekula. Nilijua hivyo, lakini bado nilikuwa na jambo moja.

"Tuuze ile ya nyumbani."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniudhi. "Nani atanunua nyumba iliyo katika boma la baba yangu? Mgeni atakaa pale na nani? Atamwamkia mzee kila asubuhi kama nani?"

Ilikuwa kweli. Vigae vyote vile na vioo vyote vile, na haikuwa nyumba ya kuuzika. Ilikuwa ya kutazamwa.

Nilikwenda kwa mke mwenzangu kulalamika, kama nilivyozoea. Alikuwa mlangoni kwake anapepeta omena, beseni nne zimepangwa huku na huku. Biashara yake ilikuwa imekua wakati zetu zinakufa. Nyama ilikuwa imewashinda watu, na malori ya chakula kutoka ziwani yaliruhusiwa kupita. Wanawake waliokuwa wakiuza pamoja naye walirudi kwao, wateja wao wakabaki kwake. Mumewe, mwenye boda boda, alikuwa akipeleka vifurushi kwa watu wa mitaa ya juu walioogopa kutoka. Hayo niliyaona kila siku, lakini sikuyapa jina. Nilimwambia habari ya Shosho kama mtu anayesimulia msiba, kwa kirefu, na machozi. Akapepeta hadi mwisho.

"Anataka ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

Jioni ya pili alikuja kwetu na mumewe. Wakakaa kwenye makochi yale yale waliyokuwa wakilalia. Akasema, "Dada Mkubwa, hatutaki kukuruka. Kama nyinyi hamuichukui, tunaweza kujaribu? Tuna kile kipande cha sokoni, tunaweza kukiuza. Na sacco ya huyu, ushirika wao wa akiba wa boda boda, itaongezea."

Mume wangu alinitazama. Mimi nikasema, "Jaribuni," kwa sauti nzuri, kwa sababu nilijua hawataweza.

Waliweza.

Mara nyingi nimewaza kwamba laiti angeniibia, ningekuwa na la kusema. Ningemshtaki kwa wazee, ningemnunia kanisani, watu wangekuwa upande wangu. Lakini aliniuliza. Alikuja na mumewe, akaniita Dada Mkubwa, akaniuliza, na mimi kwa mdomo wangu nikasema jaribuni. Hasira yangu haikuwa na mahali pa kutua. Nilipokuwa nikiosha vyombo kwenye karai pale Kianda, nilimwona amesimama kwenye sinki langu.

Shosho aliondoka barabara zilipofunguliwa kidogo, na wao wakahamia. Walituita tukaombe pamoja. Hatukuwa wengi, kwa sababu mikusanyiko ilikatazwa: sisi, mchungaji wao, na jirani mmoja. Mke mwenzangu alikuwa ameosha kuta. Pazia la kahawia lilikuwa limeondoka, na badala yake alikuwa ametundika pazia jeupe. Sikuwa nimemwambia kamwe kuhusu pazia jeupe. Nadhani ni pazia ambalo mtu yeyote angeweka pale, lakini mimi nilihisi amechota hilo pia kichwani mwangu.

Mchungaji alipomaliza kusoma, akasema, "Sasa mkubwa wa boma hili hapa Nairobi atushukurie Mungu kwa niaba ya wote." Mume wangu akanigusa kiwiko. Yeye si mtu wa kuomba mbele za watu. Nikasimama.

Nilimshukuru Mungu kwa mawe, kwa bati, kwa maji. Kisha nikafika kwa wenye nyumba. Nikakohoa, na siku hizo ukikohoa watu wote walikutazama. Nikasema, "Bwana, hawa watoto walikuja kwetu bila kitu," nikasikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa, nikamalizia haraka na amina. Mke mwenzangu alinishika mikono miwili akilia. Alidhani nilikuwa nimeguswa. Nami nilikuwa nimeguswa kweli, ila si na kile alichofikiri.

Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu wa kasoro za nyumba ile. Nilimwonyesha mume wangu ufa juu ya mlango wa chumba cha kulala. Nilisema tangi linavuja. Aliposambaza omena barazani ikauke na nzi wakaja, nilirudi Kianda nikiwa mwepesi, nikiimba. Mume wangu alichoka nami.

"Watu wamepata nyumba," akasema. "Ni ndugu yangu. Hata wewe una nyumba."

"Nina nyumba ambayo nikitaka kuiona lazima nilale njiani."

"Basi twende tukaishi ndani yake."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hoteli haikumwita tena, na mwishowe akaenda kweli na mtoto wetu mdogo, akaanza kufuga kuku. Mimi nikakataa. Nikabaki na yule mkubwa, ambaye shule yake ilikuwa karibu kufunguliwa, katika chumba chetu cha kodi iliyopunguzwa. Mke mwenzangu alikuja akaniambia kuna chumba cha nyuma, cha mabati lakini kizuri, nihamie bila kulipa.

"Nina kwangu," nikamwambia.

"Najua una kwako. Nasema tu."

Alipotoka nilikaa kitandani. Kama angenikodishia ningefikiri. Kunipa bure, mimi niliyempa nguo zangu kuukuu, hapo ndipo alipoonyesha jinsi alivyonipita.

Mji ulifunguka polepole. Saluni ikarudi, kwanza wateja wenye haraka, kisha harusi zilizokuwa zimeahirishwa, kisha kila mtu. Waliokimbia walirudi na magunia ya mahindi na kukuta vyumba vyao vina watu. Mwenye ploti wetu akarudisha kodi pale ilipokuwa, kisha akaipandisha zaidi, na salamu za asubuhi zikaisha. Kule Kawangware wakaanza kuweka lami barabara iliyopita mbele ya nyumba. Mashine zilipofika tu, yule aliyeandika "Inauzwa" ukutani aliyafuta maneno yake na kurudisha "Haiuzwi", kwa herufi kubwa kuliko za mwanzo.

Jumamosi moja nilikuwa pale nikimsuka mke mwenzangu. Kazi hiyo sikuiacha hata nilipokuwa nimejaa sumu. Kichwa chake nilikijua kama changu. Tulikuwa barazani, mimi kwenye kiti, yeye kwenye kigoda kati ya magoti yangu, na fulana yake ya kazi. Mimi nilikuwa nimevaa vizuri kwa sababu nilikuwa natoka kwa bibi harusi. Mwanaume mwenye faili kwapani akaingia langoni, akanitazama mimi.

"Habari za hapa, mama. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Niliacha kusuka. Mke mwenzangu hakugeuka. Nilikuwa nimeshika nywele zake.

"Kuna mtu anataka hapa," akaendelea broka yule, dalali wa nyumba. "Si wa kusumbua. Analipa yote mara moja." Akataja bei ambayo ilikuwa mbali kabisa na ile ya Shosho, bei ya watu waliokuwa wamesahau korona.

"Hatuuzi," nikasema.

"Fikirieni kwanza, mama. Bei kama hii..."

"Nimesema hatuuzi. Kwani hujaona watu wanaishi?"

Alipoondoka nilirudi kwenye mstari nilioacha. Mke mwenzangu akaanza kucheka. Mabega yakacheka kwanza, kisha sauti.

"Dada Mkubwa, umekataa pesa zangu!"

"Ungeuza?"

"Sijui. Tumechoka na kulipa. Tumewaza." Akavuta ukingo wa fulana yake. "Nilidhani wewe ndiye ungefurahi tukiondoka."

Nikachukua fungu jingine la nywele.

"Unanionea wivu," akasema. Hakuwa na ukali wowote. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha. "Tangu tuhamie. Ukija, unaanza kutazama kuta kabla hujanisalimia."

Ni rahisi kusema uongo kwa mtu anayekutazama. Kwa kisogo cha mtu, na ngozi ya kichwa chake iko chini ya vidole vyako, si rahisi.

"Sana," nikamwambia. "Kuna siku sili."

"Nilijua. Kwa nini basi umemfukuza yule?"

Ilinibidi nifikiri kweli. "Mkiuza, itakuwa ya mtu nisiyemjua. Nitapita hapo nje tu. Sasa angalau naweza kuingia nikaiona, hata kama inaniuma."

Hakucheka tena. Alinyoosha mkono nyuma akashika kifundo cha mguu wangu, akakaa hivyo. Kisha akasema mgongo unamuuma, nimalizie haraka, omena inaungua jua.

Hawakuuza. Habari za bei zile zilimfikia hata Shosho kule kwao, na mwaka uliofuata alipokuja Nairobi kuona daktari, alipita kutusalimia. Nilikuwepo. Mke mwenzangu alimtengenezea chai akamkalisha kiti kizuri. Shosho alizunguka nyumba yote akigusa vitu. Alikuwa amenenepa kidogo, na shamba lilikuwa limempenda, lakini alipotoka barazani akaiona lami na magari na maduka mapya, uso wake ukabadilika.

"Nyumba imependeza," akasema. Halafu akainua kidole. "Lakini huo ufa juu ya mlango, mngeuangalia. Na tangi linavuja."

Nilikuwa nimebeba kikombe, nikakiweka chini. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mama mzee. Alikuwa ameuza siku ambazo hakuna aliyetaka, kwa kuogopa kufa, na sasa alikuwa hai na mzima, na nyumba ilikuwa na bei ambayo mumewe marehemu hangeiamini. Hakuna aliyemdhulumu. Na yeye hakuwa na wa kumshtaki. Nilimsindikiza hadi stendi nikimbebea mfuko, na njiani akaniuliza, bila kunitazama, kama ni kweli yale mabroka wanayosema.

"Mabroka husema mengi, Shosho," nikamjibu.

"Ungeichukua wewe," akasema, "ingeniuma kidogo tu."

Sijui alimaanisha nini. Nilimpandisha gari nikasimama pale hadi lilipoondoka, na kwa muda wa kurudi nyumbani kwa mke mwenzangu sikumwonea mtu yeyote wivu. Ulikuwa muda mfupi. Nilipoingia nilimkuta jikoni anaosha vikombe, maji yanatiririka bila yeye hata kuyatazama, na wivu ukanirudia palepale.

Kile chumba cha barabarani cha vipuri vya baiskeli kilikuwa na magunia ya mke mwenzangu. Mimi ndiye niliyekitaja. Nikamwambia kwamba mwenye saluni ya Olympic amenichosha, na kwamba barabara ya lami inapitisha wanawake wengi wenye vichwa.

"Kichukue," akasema papo hapo. "Kesho natoa magunia."

"Kwa kodi."

"Dada Mkubwa, kodi ya nini?"

"Kwa kodi kama mtu yeyote, au sikitaki."

Alinitazama kwa yale macho yake ya zamani, yanayotazama kila kitu, na nadhani alielewa. Tukakubaliana. Nikapaka chumba rangi ya waridi, nikatundika kioo, nikanunua viti viwili kwa mkopo wa chama kipya. Wateja wakaja. Kianda bado nalala, na kila asubuhi nachukua boda hadi Kawangware. Mume wangu hunipigia simu kunihesabia kuku.

Lami ilipokamilika na taa za barabarani kuwekwa, mwenye duka la kando alipandishiwa kodi na mwenye nyumba wake, na yule wa ng'ambo pia. Jumatatu moja mke mwenzangu aliingia saluni na vikombe viwili vya chai. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakizungusha upande huu na upande huu.

"Dada Mkubwa," akasema, "itabidi nikuongezee kodi."

Damu ilinipanda hadi masikioni. Kuniongezea, mimi! Kisha nikamwona amekaza mikono kwenye kikombe akiogopa, na nikajua amekaa na neno hilo kwa siku nyingi.

"Ngapi?"

Akataja.

"Wewe umepotea. Kwa chumba hiki? Unajua ukubwa wake?"

"Barabara ni ya lami sasa."

"Lami uliiweka wewe?"

Tukavutana mpaka chai ikapoa. Yeye alitaja kodi ya jirani, mimi nikataja choo kilicho mbali. Yeye akashuka kidogo, mimi nikapanda kidogo. Mteja mmoja aliingia, akatusikiliza, akasema atarudi tukimaliza kugombana, na mke mwenzangu akamwambia hatugombani, huyu ni mpangaji wangu. Alilisema neno hilo bila kulilainisha. Liliniuma, nikalimeza, na niliona kwamba naweza kukaa nalo.

Tulipofikia mahali pa kukubaliana nilimwambia kwamba kioo cha dirisha kimepasuka, na kwamba katika nchi hii mwenye nyumba ndiye anayetengeneza. Akasema fundi atakuja Jumamosi. Hakuja. Alikuja wiki iliyofuata, baada ya mimi kwenda barazani kwake mara mbili kulalamika kwa sauti, majirani wakisikia.